Mamlaka Hayamilikiwi: Mawazo ya Michel Foucault na Mhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Suala la utawala ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili, na ni nadra mtahiniwa kumaliza miaka yake ya sekondari bila kuulizwa aeleze maudhui ya uongozi mbaya, udhalimu au ukandamizaji katika tamthilia au riwaya teule. Majibu mengi hufuata mkondo mmoja: mtawala ni katili, raia wanaonewa, mwishowe raia wanazinduka. Jibu la aina hiyo si kosa. Hata hivyo, linaacha swali zito bila kuguswa. Mtu mmoja huwezaje kuwatawala maelfu, ilhali hana askari wa kumsimamia kila mmoja wao? Na mbona wanaoonewa hushiriki mara nyingi katika kuonewa kwao?

Swali hili lilimshughulisha mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault (1926-1984) kwa muda mrefu wa maisha yake. Mawazo yake yameingia katika historia, anthropolojia, uuguzi, elimu, isimu na hata uhasibu. Katika makala haya tutaeleza kwanza mawazo hayo ni yapi, kisha jinsi yalivyotumiwa katika taaluma mbalimbali, na mwisho faida na mipaka yake kwako wewe, mwalimu mwenzangu, na kwako mtahiniwa unayejiandaa kujibu maswali ya fasihi.

Foucault alikuwa nani?

Foucault alizaliwa katika mji wa Poitiers, Ufaransa. Alichapisha kitabu kuhusu historia ya uwendawazimu mwaka 1961, kingine kuhusu kuzuka kwa hospitali ya kisasa mwaka 1963, na mwaka 1970 akawa profesa katika Collège de France jijini Paris, wadhifa alioushikilia hadi kifo chake. Mwaka 1971 alishirikiana na wenzake kuunda kundi lililokusanya habari za magereza kutoka kwa wafungwa wenyewe. Miaka minne baadaye alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu gereza, Surveiller et punir, yaani kufuatilia na kuadhibu. Juzuu ya kwanza ya historia yake ya ujinsia ilifuata mwaka 1976. Ukitazama orodha hii utaona kwamba hakuanzia ikulu wala bungeni. Alianzia mahali ambapo watu wa kawaida huchunguzwa, hupangwa na kurekebishwa.

Tatizo la neno "mamlaka"

Kabla ya kuendelea, inafaa tutahadhari na msamiati wetu wenyewe. Neno mamlaka limetokana na mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa miliki na milki. Kwa hiyo tunapolitumia, fikra zetu huelekea upesi kwenye kitu kinachomilikiwa: fulani anayo mamlaka, fulani amenyang'anywa. Neno la Kifaransa alilolitumia Foucault, pouvoir, lina njia nyingine. Ni kitenzi pia, na maana yake ni kuweza. Lingekaribia zaidi uwezo wetu, nalo uwezo hudhihirika katika kutenda tu.

Tofauti hii ndiyo kiini cha nadharia yenyewe. Foucault alishikilia kwamba mamlaka si mali iliyo mikononi mwa mtu au tabaka fulani. Ni uhusiano. Hutendeka kati ya daktari na mgonjwa, mzazi na mtoto, mwajiri na kibarua, mwalimu na mwanafunzi. Katika makala haya tutaendelea kutumia neno mamlaka kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika uhakiki, lakini msomaji akumbuke kwamba mamlaka ya aina hii hayamilikiwi.

Misingi ya mawazo yake

(a) Mamlaka na maarifa huenda sambamba. Kumtawala mtu kunahitaji kumjua: umri wake, afya yake, mwenendo wake. Nako kumjua huzaa faili, takwimu na istilahi ambazo zinarahisisha kumtawala. Jumla ya semi na kanuni zinazoamua jambo gani laweza kusemwa, na nani ana haki ya kulisema, ndiyo inayoitwa diskosi. Daktari akisema "huyu ni mwendawazimu", neno lake hubadilisha maisha ya mtu. Jirani akisema vivyo hivyo, huenda ikawa matusi tu.

(b) Mamlaka huzalisha. Tumezoea kuyaona yakikataza, yakifunga na kuua. Foucault hakukana hayo, ila aliongeza kwamba mamlaka hutengeneza pia: hutengeneza askari mkakamavu, mfanyakazi anayewahi saa, mwanafunzi anayejisahihisha mwenyewe.

(c) Palipo na mamlaka pana upinzani. Upinzani hauji kutoka nje ya uhusiano huo. Huzaliwa mumo humo, mara nyingi kwa kutumia nyenzo zilezile za mtawala.

Kutoka mjeledi hadi ratiba

Kitabu cha mwaka 1975 kinaanza na mambo mawili yanayopingana. La kwanza ni mauaji ya hadharani ya Robert-François Damiens, aliyejaribu kumuua mfalme Louis wa 15. Tarehe 28 Machi 1757 mwili wake uliteswa na kuraruliwa kwa farasi mbele ya umati wa Paris. La pili ni ratiba ya nyumba ya wafungwa vijana jijini humo, iliyoandikwa miaka takriban 80 baadaye: saa ya kuamka, saa ya sala, saa ya kazi, saa ya masomo, kila kitu kwa mlio wa ngoma. Hakuna damu katika ratiba hiyo. Wengi wangesema utu ulikuwa umeshinda. Foucault aliuliza swali jingine: je, adhabu ilipungua, au ilipata njia ya kuingia ndani zaidi?

Mfano wake maarufu ni Panoptikoni, ramani ya gereza iliyochapishwa na Mwingereza Jeremy Bentham mwaka 1791. Vyumba vimepangwa kwa duara, na katikati pana mnara. Aliye mnarani huwaona wafungwa wote, ila wao hawamwoni. Kwa kuwa mfungwa hajui ni wakati gani anatazamwa, hujichunga wakati wote. Hata mnara ukiwa mtupu, kazi yake inafanyika. Wewe mwalimu unalifahamu jambo hili bila kuhitaji ramani ya Bentham. Darasa hunyamaza wakati wa masomo ya jioni kwa sababu huenda mwalimu wa zamu yuko dirishani.

Foucault aliipa mitihani nafasi ya pekee katika kitabu hicho. Kwake, mtihani huunganisha kutazama na kuhukumu. Humtenga kila mtu na kumpa namba, humlinganisha na wenzake, humweka juu au chini ya kiwango kinachoitwa cha kawaida, kisha humhifadhi katika kumbukumbu. Katika Kifaransa neno moja hubeba maana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: nidhamu na taaluma. Foucault alitaka tuone kwamba ujirani huo si wa sadfa.

Mawazo haya katika taaluma mbalimbali

Kila taaluma iliyomwazima Foucault ilichukua kifaa kilichoifaa.

Katika uhakiki wa fasihi na utamaduni, Edward Said alitumia dhana ya diskosi katika Orientalism (1978). Alionyesha jinsi wasomi, washairi na maafisa wa Ulaya walivyojenga picha ya "Mashariki" ambayo ilisaidia kuitawala. Hapa kwetu Afrika, V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa eneo la Katanga nchini Kongo ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya migodi na miji, aliuliza swali linalofanana katika The Invention of Africa (1988). Je, maarifa tunayoyaita "kuhusu Afrika" yaliundwa na nani? Wamisionari, wanaanthropolojia na watawala waliacha maktaba nzima, na Mwafrika anayetaka kujieleza hujikuta akitumia istilahi za maktaba hiyo hata anapoipinga.

Katika anthropolojia, James Ferguson alichunguza mradi wa maendeleo wa Thaba-Tseka nchini Lesotho, na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Ripoti za wafadhili ziliieleza Lesotho kama nchi ya wakulima wa kujikimu ambao hawajafikiwa na uchumi wa kisasa, ilhali wanaume wake walikuwa wamefanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini kwa vizazi. Mradi ulishindwa kubadilisha ufugaji kama ulivyokusudia. Kilichobaki ni barabara, ofisi na mkono mrefu zaidi wa serikali katika eneo la milimani. Ferguson hakudai kwamba mtu fulani alipanga njama. Alionyesha kwamba lugha ya maendeleo ilizaa matokeo ya kisiasa huku ikijionyesha kuwa ya kitaalamu tu.

Katika uhasibu, Keith Hoskin na Richard Macve waliandika mwaka 1986 kwamba mtihani wa maandishi unaotolewa alama kwa tarakimu ulichangia kuleta desturi ya kuwahesabia watu utendaji wao, desturi ambayo baadaye ilitawala viwanda na kampuni. Kwa maneno mengine, baadhi ya mizizi ya ripoti ya mhasibu imo katika karatasi ya mtihani. Katika masomo ya jinsia, Judith Butler alijenga juu ya msingi wa Foucault katika Gender Trouble (1990) aliposisitiza kwamba hata uanaume na uanamke hutengenezwa na kanuni zinazorudiwarudiwa.

Pale nadharia inapogota

Waliofaidika zaidi na Foucault ni wale waliompima kwa ushahidi wao wenyewe. Mwanahistoria Megan Vaughan, katika Curing Their Ills (1991), alichunguza tiba ya kikoloni katika makoloni ya Waingereza Afrika Mashariki na ya Kati. Alipata kwamba nadharia haikukaa sawasawa. Huko Ulaya, Foucault alieleza mamlaka yaliyomchunguza mtu mmojammoja. Huku kwetu, maafisa wa tiba walimwona Mwafrika kwanza kama mfano wa kabila au rangi yake, na serikali ya kikoloni iliendelea kutegemea nguvu za mabavu.

Chukua mfano wa kipande nchini Kenya. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba hati yenye alama za vidole na kumbukumbu ya waajiri wake. Wengi waliivaa shingoni katika kijaluba cha chuma. Hapa utaona faili la mtu mmojammoja alilolieleza Foucault, lakini faili hilo lilimhusu Mwafrika peke yake kwa sababu ya rangi, na nyuma yake palikuwa na faini na jela. Ratiba na mjeledi vilifanya kazi pamoja. Hata leo, wengi wetu huita kitambulisho kipande, na lugha imehifadhi kumbukumbu hiyo.

Lipo pia tatizo la kimaadili. Nancy Fraser, katika makala ya mwaka 1981, aliuliza: ikiwa mamlaka yako katika kila uhusiano, tutatofautishaje yaliyo halali na yaliyo dhalimu, na kwa nini tuyapinge? Mhakiki wa fasihi yetu hawezi kulikwepa swali hilo. Kueleza jinsi udhalimu unavyofanya kazi hakumwondolei mtu wajibu wa kuuita udhalimu.

Mhakiki afanye nini?

Tupendekeze maswali manne ambayo mwanafunzi anaweza kuyauliza kila anaposoma kazi ya fasihi:

1. Nani anamtazama nani, na kutoka wapi?
2. Nani ana haki ya kumpa mwenzake jina, kama vile mhaini, mwendawazimu au malaya?
3. Mtawala anatumia tamaa, hofu au mahitaji gani ya watu?
4. Upinzani unaanzia wapi, na unatumia nyenzo gani?

Tuanze na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001). Mtahiniwa wa kwanza ataandika: "Bokono ni mtawala katili kwa sababu Mwelusi anafungwa na kuuawa." Ni kweli. Mtahiniwa anayetumia maswali yetu atakwenda mbali zaidi. Ataona kwamba utawala wa Butangi umeshika kisima, na kila mtu ana kiu. Anayedhibiti maji hahitaji kumchapa kila mtu. Kisha atauliza ni mkono wa nani unaomuua Mwelusi. Ni wa Gege, nduguye wa damu, aliyevutwa na ahadi ya kumpata Alida, binti wa Bokono. Mamlaka yamepita ndani ya tamaa ya kijana na kuvunja udugu. Jibu hili la pili halimtetei Bokono hata kidogo. Linaonyesha kwamba kumwondoa Bokono peke yake hakutoshi ikiwa akina Gege watabaki.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Nyumba yenyewe ni chombo cha utawala, na jina lake ni heshima. Amri yake inatarajiwa kufuatwa hata akiwa hayupo. Inapovunjwa, Tamima anapata kipigo na talaka. Maimuna anapotoroka, msomaji hudhani kwamba ameponyoka. Lakini huko mjini anaangukia danguro la Mama Jeni, ambako anatazamwa kwa macho mengine na kuwekewa bei. Aliyefichwa asionekane sasa anaonyeshwa auzwe. Swali la kujadili darasani ni hili: je, hali hizi mbili ni kinyume, au ni pande mbili za uhusiano mmoja unaomfanya mwanamke kuwa kitu cha kulindwa au kununuliwa?

Haini ya Shafi Adam Shafi (2003) hutusaidia kuona mpaka. Hamza na wenzake wanakamatwa baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi, na humo gerezani mateso ya mwili yanatumiwa kutafuta ungamo. Anayemfuata Foucault kwa upofu atatarajia gereza la kisasa lenye ratiba bila mjeledi. Riwaya inamkanusha. Mwili bado ndio uwanja wa utawala, na ungamo linalopatikana linaandikwa ili liitwe ukweli. Kwa upande wa upinzani, tukumbuke kwamba Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) ni mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Kifungo kilichokusudiwa kunyamazisha sauti kilizaa diwani.

Mtihani na sisi wenyewe

Haitakuwa haki kumaliza bila kuigeuza nadharia hii ituelekee. Sisi walimu ndio tunaoshika rejista, kalamu nyekundu na mwongozo wa kusahihisha. Mwongozo huo hauhesabu maarifa tu. Huamua pia maarifa ya fasihi ni kitu gani. Mwanafunzi akigundua kwamba sifa sita za mhusika zina alama na swali lake mwenyewe kuhusu Gege halina, baada ya mwaka mmoja ataacha kuuliza. Hakuna aliyemkataza. Amejifunza kujisahihisha, kama yule mfungwa aliye mbele ya mnara mtupu.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba mamlaka huzalisha. Mtihani huohuo ndio uliowafanya maelfu ya vijana wa Kenya wasome riwaya nzima ya Kiswahili ambayo pengine wasingeifungua. Kwa hiyo mwito wetu si kuutupa mtihani. Ni kutenga nafasi darasani, hata dakika kumi kwa juma, kwa maswali yasiyo na alama, na kumpa haki mwanafunzi anayetoa hoja isiyo katika mwongozo lakini yenye ushahidi kutoka kwenye matini.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Usiandike jina la Foucault katika karatasi ya mtihani ukidhani litakuongezea alama. Msahihishaji anatafuta hoja na mfano kutoka kwenye kitabu. Nadharia ikae nyuma ya jibu, kama kiunzi kinavyobaki ndani ya ukuta. Aidha, usidai kwamba kila mhusika ana mamlaka sawa kwa kuwa mamlaka yako kila mahali. Biti Kocho, mtumishi wa nyumba katika Utengano, na Maksuudi, bwana wa nyumba hiyo, wote wamo katika uhusiano, lakini hawana nafasi sawa. Onyesha tofauti hiyo kwa ushahidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mchango mkubwa wa Foucault ni kuhamisha swali kutoka "nani anatawala?" hadi "kutawala kunafanyikaje?" Wanahistoria, wanaanthropolojia na hata wahasibu wamelitumia swali hilo, na waliolitumia vyema ni wale waliokubali kusahihishwa na ushahidi wao. Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili naye ana ushahidi wake: kisima cha Butangi, nyumba ya Maksuudi, chumba cha mahojiano cha Hamza. Aanze na matini, aazime kifaa, na pale kifaa kinapokataa, aseme hivyo waziwazi.

Maswali ya marudio

1. "Mamlaka hayamilikiwi." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia au riwaya yoyote teule.
2. Eleza jinsi nyumba ya Maksuudi katika Utengano inavyotumika kama chombo cha utawala.
3. Kwa kutumia mfano wa kipande, onyesha ni wapi mawazo ya Foucault yanafaa na ni wapi yanapungukiwa katika kueleza ukoloni nchini Kenya.
4. Chagua mhusika anayemsaliti mwenzake. Eleza ni hofu, hitaji au tamaa gani iliyotumiwa kumfanya atende alivyotenda.